Seli ya amiba na seli ya mwili wako

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko kidato cha pili. Tumefundishwa kwamba amiba ana seli moja na binadamu ana matrilioni, na kwamba kila seli ina utando, saitoplazimu na kiini. Ukiacha idadi, seli yake na yangu zinatofautianaje? Yake si ndiyo duni?

Jibu: Marahaba. Duni? Hata kidogo. Seli ya amiba ni kiumbe kizima: inakamata chakula, inakimeng'enya, inajongea, inagawanyika, na maji yakiingia kupita kiasi inayasukuma nje kwa vakuoli maalumu, yaani kifuko kilichomo ndani yake. Seli yako ina kazi chache tu inazozimudu sana, mengine inafanyiwa na wenzake.

Sisi wa maabara tunaona kiumbe wa seli moja na seli ya mwili pamoja kwenye slaidi moja ya malaria. Dondosha mafuta, weka lenzi ya mara 100, tazama damu iliyotiwa rangi ya Giemsa. Duara la waridi lililofifia katikati ni chembe nyekundu, seli yako. Haina kiini. Ilikitoa ilipokuwa inakomaa, ikabaki na himoglobini ya kubebea oksijeni; haiwezi kugawanyika tena, na baada ya siku 120 hivi mwili huiondoa. Sasa angalia ndani yake: kuna pete nyembamba ya bluu yenye kitone cha zambarau. Hiyo ni Plasmodium, kiumbe wa seli moja, na kitone ndicho kiini chake. Inakula himoglobini yako, inakua, na ikiwa ni ya aina ya falciparum, kwa saa 48 hivi inazaa wengine kadhaa wanaoipasua chembe na kutoka. Ni kimelea, sawa, chakula ni chako; ila kula, kukua na kuzaliana inafanya yenyewe.

Seli zako karibu zote zina jeni zilezile, maana zimetokana na yai moja lililorutubishwa. Kila aina hutumia sehemu yake tu ya jeni hizo. Ndiyo maana seli moja ya neva huweza kurefuka kutoka uti wa mgongo hadi mguuni, karibu mita moja. Tena zinatii: zile za katikati ya vidole hujiua mtoto akiwa tumboni, vidole vikaachana. Saratani huanza pale seli inapoacha kutii.

Hiyo kauli ya "kila seli ina kiini" ifute daftarini. Chembe nyekundu umeiona. Bakteria nao ni wa seli moja, lakini DNA yao haijazungushiwa utando wa kiini. Kwenye mtihani usiwatie kapu moja na amiba.