Binti Yangu Anaishi kwa Chai na Biskuti

*Shikamoo Bibi. Nina binti wa miaka miwili na miezi mitatu. Tangu nimwachishe ziwa, kula kumekuwa vita. Asubuhi anakunywa chai ya maziwa na maandazi mawili, basi. Mchana akiwekewa wali na maharage anafumba mdomo, ukimlazimisha anatema. Ugali hataki kuuona, mboga za majani ndiyo usiseme. Anachotaka ni biskuti, chipsi na juisi ya boksi. Usiku nampa maziwa kwenye chupa asilale na njaa. Mimi natoka kabla hajaamka, narudi saa kumi na mbili jioni, mchana kutwa yuko na dada. Mama mkwe alikuja wiki iliyopita akasema mtoto amekonda, ana kimeo, apelekwe akakatwe. Jirani anasema nimbane pua, atameza tu. Duka la dawa wanauza dawa ya kuongeza hamu ya kula. Nishike lipi? — Mama Aliyechoka, Tabata*

Marahaba, mjukuu wangu. Kati ya hayo matatu usishike hata moja.

Kimeo kwanza, maana hapo ndipo mtoto anaweza kuumia. Kile kinyama kinachoning'inia kooni kila mtu anacho: wewe unacho, mimi ninacho, mama mkwe wako anacho, na sote tunakula. Nilipokuwa kliniki nilipokea watoto waliokatwa kwa wembe, wengine wakivuja damu, wengine wameletwa siku kadhaa baadaye koo limejaa usaha. Mwambie mama kwa heshima kwamba Bibi amekataa. Lawama nitabeba mimi.

Dawa ya hamu ya kula usinunue kwa kuambiwa dirishani. Baadhi yake ni dawa za mzio, zinamletea mtoto usingizi, na si za kumpa bila daktari kumwona.

Kuhusu pua, nina kesi ya kujibu mwenyewe. Mwanangu wa kwanza nilimlaza mapajani, mkono mmoja kwenye paji la uso, wa pili na kijiko cha mchicha wa kupondwa, huku nimeshavaa sare nyeupe na zamu inanisubiri. Alilia, akapaliwa, akatapikia sare. Leo ana mvi na watoto watatu, na mchicha ukifika mezani anausukumia upande wa mkewe. Niliwafundisha mama za watu lishe mchana kutwa, nyumbani nikafanya hayo. Mtoto anayebanwa pua anaweza kuvuta chakula kikaingia njia ya hewa, na hata kisipoingia, anaanza kukiogopa kijiko.

Sasa tuihesabu siku ya binti yako. Saa moja maandazi mawili na kikombe cha chai yenye sukari. Saa nne, nina hakika bila kuambiwa, biskuti, kwa sababu amelia na dada ana nguo za kufua. Kisha juisi. Saa saba anawekewa wali na maharage, mnashangaa hafungui mdomo. Mjukuu wangu, huyo mtoto hajagoma kula. Ameshiba! Tumbo lake ni dogo, na limejazwa unga mweupe, mafuta na sukari kabla sahani haijafika.

Tena umri wake una mambo yake. Mtoto aliyezaliwa na kilo tatu hufikisha kama tisa akitimiza mwaka, yaani uzito mara tatu. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili hivi, mbili na nusu. Gari limepunguza mwendo, mafuta yanayotumika yamepungua. Wazazi wengi huanza kuhangaika hapo hapo, wakidhani mtoto anaumwa. Isitoshe, karibu na umri huo magego ya nyuma huwa yanatoka. Mpapase fizi kabla hujamwita mkaidi.

Kabla ya yote fungua kadi ya kliniki. Jicho la mama mkwe si mzani. Kama mstari wa uzito unapanda, hata polepole, tulia. Kama umelala kwa miezi miwili mitatu au unashuka, mpeleke wiki hii hii. Vilevile kama ana viganja vyeupe, miguu imevimba, anaharisha kila mara, anakula udongo, au anapaliwa kila akimeza. Wanaweza pia kumpima mkono kwa ule utepe wa rangi: zaidi ya sentimita 12.5 ni kijani, chini ya 11.5 ni nyekundu, na hapo hatuzungumzi tena habari ya kuchagua chakula. Uliza kama alipata matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Vyote hutolewa kila baada ya miezi sita, kwetu Juni na Desemba, na kwa wazazi wanaotoka alfajiri ndiyo miezi inayopita bila kuonekana.

Kitu cha kwanza kutoka mezani kwako ni chai. Najua nitachukiwa, maana Mswahili na chai yake hawatenganishwi. Lakini majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mboga, na mtoto wa umri huu, ukilinganisha na uzito wake, anayahitaji hayo madini kuliko baba yake. Mpe uji, au maziwa matupu kwenye kikombe. Si chupa. Maziwa yasizidi nusu lita kwa siku nzima, na ile chupa ya kulalia iache kabisa. Inaoza meno na inamshibisha mpaka asubuhi. Atalia usiku mitatu minne. Majirani watavumilia.

Uji wenyewe usiwe wa nafaka tisa. Siku hizi mtu anachanganya mahindi, mtama, ngano, mchele, soya, karanga na bado anaulizia ulezi uko wapi. Kila kitu kina muda wake wa kuiva, na karanga zikisagwa na unga zikakaa kabatini zinachacha. Chukua nafaka moja, pika iive, kisha tia karanga ulizozikaanga na kuzisaga karibuni, au maziwa. Karanga nzima usimpe, zinakaba.

Halafu kaa na dada. Si kumgombeza. Yeye ndiye mwenye jiko na mwenye kilio cha mtoto masikioni kwa saa kumi na mbili, akikataa mpango wako umekwisha. Mwulize yeye mtoto hulia saa ngapi, muipange siku pamoja: uji saa moja, ndizi au kipande cha papai saa nne, chakula saa saba, kitu kidogo saa kumi, na cha usiku mnakula wote ukishafika. Katikati ni maji tu. Biskuti na juisi ya boksi zisikae ndani, kwa sababu kisichokuwepo hakililiwi muda mrefu.

Mpe sahani yake mwenyewe. Kwenye sinia na watoto wakubwa, mdogo hushindwa mbio na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Weka vijiko viwili vitatu vya kitu anachokijua, wali kwa mfano, na pembeni kijiko kimoja cha anachokikataa. Wewe kazi yako ni nini kinapikwa na saa ngapi. Tonge ngapi zinaingia, mwachie yeye. Ikipita nusu saa, ondoa sahani bila hotuba. Usimbembeleze kwa pipi, maana ukisema "kula mchicha upate pipi" umeshamfundisha kipi kitamu.

Na usikate tamaa mara ya tatu. Mjukuu wangu wa hapa Tanga alikuwa hataki dagaa. Nilikuwa nawatoa vichwa, nawaosha, nawakaanga wakauke, nawatwanga kwenye kinu kidogo na kuwanyunyizia kwenye wali wa nazi, kijiko kimoja pembeni. Siku ya kwanza alimpa paka. Siku ya nne alilamba akatoa ulimi. Nilikuwa naweka alama ya kalamu kwenye kalenda ya ukutani, na alama ya kumi na moja ndiyo siku aliyosema "tena". Wapo wanaofika kumi na tano. Nawe kula dagaa hao mbele yake, bila kumtazama. Maharage yaponde, yatilie nazi, umalizie na kipande cha chungwa. Chungwa linausaidia mwili kuchukua yale madini ya chuma.

Chipsi usizipige marufuku, zitageuka dhahabu. Chemsha viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vikate virefu virefu, vipitishe kwenye mafuta kidogo. Mwambie ni chipsi. Si uongo.

Niandikie baada ya mwezi, na uniambie dagaa walifika alama ya ngapi.

*Bibi, mjukuu wetu wa miaka mitatu hali mboga za majani, ila embe na papai anamaliza. Atapungukiwa? Mke wangu hapa anasisitiza niandike kwamba hata mimi kisamvu sikigusi. — Babu, Muheza*

Kaka, embe na papai bivu vina vitamini A kama mboga, kwa hiyo mtoto hayuko hatarini. Maharage au kunde na samaki visikose, na mboga ziendelee kuwekwa, kidogo tu, zilizokatwa ndogo ndogo ndani ya mchuzi wa nazi. Shemeji msalimie sana. Mwambie leo apakue kisamvu sahani mbili, yako akuwekee mahali mtoto anapoiona.