Ndege ya kijeshi isiyo na hitilafu hugongaje mlima?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Newala. Wanafunzi wangu wameniuliza kuhusu ndege kubwa za uchukuzi za jeshi zinazogonga milima. Zina rada, zina kifaa cha kuonya, na marubani wake wamebobea. Je, kifaa hicho huwa kimeharibika?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nimefanya kazi ya kuongoza ndege kwa miaka mingi kabla ya kustaafu hapa Mtwara, na sijapata kuulizwa swali linalonigusa kuliko hili, kwa kuwa jibu lake linamhusu mwongozaji aliye chini sawasawa na rubani aliye angani. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Injini zinanguruma vizuri, usukani unatii, na waliomo hawajui kwamba wamo hatarini.

Chukua mfano wa Hercules C-130J ya jeshi la anga la Norway, ndege iliyopokelewa mwaka 2010. Tarehe 15 Machi 2012, saa tisa hivi alasiri, ilikuwa ikitoka Evenes nchini Norway kwenda Kiruna nchini Sweden, mawingu yakiwa yameifunika milima. Waongozaji waliiruhusu kushuka hadi ngazi ya futi 10,000, kisha futi 7,000, nao marubani wakakubali bila kuilinganisha ruhusa hiyo na ramani ya milima iliyokuwa mbele yao. Ndege ikaugonga mlima Kebnekaise, mrefu kuliko yote nchini Sweden, na wanajeshi wote 5 wakafariki.

Kilele cha mlima huo kina mita zipatazo 2,100, yaani kama futi 6,900, kwa hiyo kwa kusoma tarakimu tu, futi 7,000 zinaonekana kuupita. Ndipo wanafunzi wako waelezwe jinsi altimita ya kawaida, yaani kifaa kinachomwonyesha rubani mwinuko wa ndege, inavyofanya kazi, maana yenyewe haipimi umbali wa kutoka ndegeni hadi ardhini. Inapima mgandamizo wa hewa, kisha inaugeuza kuwa mwinuko. Ndege ikiwa katika ngazi za juu, altimita hutegwa kwenye kipimo cha pamoja cha hektopaskali (kizio cha mgandamizo wa hewa) 1013.25 ili ndege zote zitumie kipimo kimoja. Siku ambayo mgandamizo halisi uko chini ya hapo, kila hektopaskali 1 inayopungua humficha rubani takriban mita 8, yaani ndege huwa chini zaidi ya altimita inavyoonyesha, na baridi kali huongeza kosa hilo. Hercules ile iligonga penye mita 2,000 na kidogo, ilhali ngazi yake, kwa hesabu ya kawaida, ni mita 2,134.

Sasa kifaa cha kuonya. Kifaa hiki hulinganisha mahali ndege ilipo na ramani ya ardhi iliyohifadhiwa ndani yake, kwa hiyo hakiwezi kuujua mlima ambao hakikupewa. Ramani ya kina katika ndege ile haikufika kaskazini ya mbali kiasi hicho. Tena kilikuwa kimewekwa katika hali ya kivita, ambayo masharti yake ya kutoa onyo ni magumu zaidi, na masharti hayo hayakutimia. Hali hiyo ina sababu yake: ndege ya uchukuzi ya jeshi hutakiwa kupita chini mabondeni na kutua kwenye viwanja vya vumbi, na kifaa kinachopiga kelele kila dakika hatimaye hupuuzwa.

Msiba huu hauko Ulaya peke yake. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi la anga la Kenya iligonga kilima Marsabit katika hali mbaya ya hewa, wakafa watu 14 kati ya 17. Tarehe 10 Juni 2024, jirani zetu wa Malawi walimpoteza Makamu wa Rais, Saulos Chilima, na wenzake 8 katika msitu wa Chikangawa, ndani ya ndege ya jeshi.

Ukitaka wanafunzi waone kwa macho, wapeleke Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa mteremko hapo Newala, alfajiri ambayo ukungu umelijaza bonde la Ruvuma. Wasimame ukingoni na watazame jinsi ukungu ule ulivyolala sawa kama bahari, mpaka mtu asijue ni wapi panapoanza mteremko. Rubani aliye ndani ya wingu hata ukingo ule hauoni.

Kisha wapige hesabu ambayo haikupigwa siku ile. Katika maeneo ya milima, urukaji kwa vyombo, yaani bila kutegemea macho ya nje, hudai nafasi ya angalau futi 2,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho karibu na njia. Wajumlishe 6,900 na 2,000, wapate 8,900, na juu yake waongeze fidia ya mgandamizo na ya baridi. Hapo wataona wenyewe kwamba ruhusa ya futi 7,000 ilipaswa kukataliwa redioni palepale ilipotolewa, na rubani yeyote ana haki hiyo hata akiwa katikati ya mazoezi ya kijeshi.