Ukiangalia mchoro wa kauboi, anza na hali ya hewa

Wengi wakiona mchoro wa makauboi, wale wachunga ng'ombe wapanda farasi wa Magharibi ya zamani ya Marekani, wanakimbilia stori, nani kampiga nani, nani shujaa, na mi nakushauri stori uiweke pembeni kwanza. Angalia hewa na mwanga, halafu miili ya watu na wanyama, jina la mchoro ulisome mwisho kabisa. Nimezoea kuangalia hivi, mara nyingi kwenye simu tu, na kila mara napata kitu.

Chukua ule wa mchoraji Mmarekani Frederic Remington wa 1895, The Fall of the Cowboy (yaani Anguko la Kauboi), uko makumbusho ya Amon Carter kule Fort Worth, Texas. Remington huyuhuyu ndo aliyetuzoesha farasi wanaotimua vumbi na bunduki zinazolia, lakini hapa hakuna hata kimoja. Chini theluji, juu anga la kijivu, katikati makauboi wawili, mmoja bado yuko juu ya farasi na mwenzake kashuka anafungua geti la fensi. Basi. Ng'ombe hakuna, adui hakuna, hata haraka hakuna.

Sasa kaa hapo kwenye geti, usiondoke mapema. Huyu ni mtu ambaye kazi yake na heshima yake viko mgongoni mwa farasi, na leo inabidi ashuke akanyage theluji ndo apite kwenye mbuga aliyokuwa anaikata anavyotaka! Ukishausikia huo uzito ndo ukatafute historia: Joseph Glidden alipata hataza, yaani haki ya mgunduzi, ya waya wake wa seng'enge mwaka 1874, mbuga ikaanza kukatwakatwa kwa fensi, reli zikasogea kwahiyo kuswaga ng'ombe safari ndefu kukawa hakuna maana tena, halafu baridi ya 1886 kuingia 1887 ikaua ng'ombe wengi mno kwenye mbuga za kaskazini. Yote hayo kwangu yamo kwenye lile geti, na ndo maana naupenda kuliko michoro yake yote ya mapigano.

Kwa nini jina mwisho? Kwa sababu jina linaweza kukuelekeza pabaya. Mchoraji mwingine Mmarekani, George Caleb Bingham, mwaka 1845 alichora mzee na kijana kwenye mtumbwi, mto umetulia kama kioo, wote wanakutazama wewe, na ule utulivu una wasiwasi ndani yake. Yeye aliuita kwa jina la mfanyabiashara Mfaransa na mwanawe chotara, ila American Art-Union, chama cha sanaa kilichoununua, wakabadilisha wakaandika wafanyabiashara wa manyoya tu wakishuka mto Missouri (Fur Traders Descending the Missouri), na hapo uhusiano wa baba na mtoto ukapotea, na mama wa huyo kijana, wa Kihindi Mwekundu, ambaye hayumo mtumbwini ndo kabisa hakuna anayemuulizia. Ule uko makumbusho ya Metropolitan, New York, na tovuti yao ina picha kubwa, ivute uone macho ya yule kijana alivyoegemea mzigo.