Seva Chini ya Meza: Ushauri kwa Anayetaka Gemu na Picha Zake Zibaki Kuwa Zake

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na kwa siku kadhaa intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua. Sisi wa Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Siku hiyo watoto wawili wa dada yangu walikuwa wamekuja kushinda kwangu Tabata. Yule mkubwa aliketi mbele ya kompyuta akafungua gemu ya mpira niliyoinunua mwaka mmoja kabla, akitaka kucheza peke yake dhidi ya kompyuta, bila mpinzani yeyote wa mtandaoni. Duara la kusubiri lilizunguka kwa dakika nzima, kisha ukatokea ujumbe kwamba leseni haikuweza kuthibitishwa. Mafaili yote ya gemu hiyo yalikuwamo ndani ya diski, yamechukua zaidi ya GB 40, na hakuna kilichopungua isipokuwa ruhusa. Mtoto aligeuka akaniuliza, "Mjomba, si uliinunua?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Niliwafungulia Minetest, gemu huria ya kuchimba na kujenga ambayo tangu Oktoba 2024 inaitwa Luanti, na ambayo kwangu huendeshwa na seva ndogo, yaani kompyuta inayohudumia vifaa vingine vya nyumbani, iliyo chini ya meza ya sebuleni. Seva hiyo haimdai mtoto akaunti ya kampuni yoyote, na mawasiliano yake hayavuki ruta ya nyumbani. Walijenga nyumba, daraja na kisima mpaka magharibi, na hawakukumbuka tena kwamba intaneti haipo.

Swali la yule mtoto limenikaa moyoni tangu siku hiyo, na ndilo lililonifanya niandike haya. Gemu nyingi tunazolipia hatuzinunui kwa maana tunayoijua sokoni. Tunapewa leseni ya kuzitumia, na leseni hiyo inaweza kuondolewa. Gemu ya magari ya The Crew, iliyotoka mwaka 2014, ilihitaji seva za kampuni yake, Ubisoft, hata kwa mtu anayeendesha peke yake, hivyo seva hizo zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, waliokuwa wameilipia walibaki na kitu kisichofunguka. Kutokana na hilo Ross Scott, mtengenezaji wa video za YouTube kuhusu gemu, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, inayopinga gemu zilizolipiwa kuzimwa hivyo, ambayo maombi yake kwa Umoja wa Ulaya yalivuka saini milioni 1 mwezi Julai 2025. Jimbo la California nalo lina sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayozitaka duka za kidijitali zimweleze mnunuzi waziwazi pale anapopewa leseni tu. Haki inanitaka niseme pia kwamba Google walipofunga huduma yao ya gemu ya Stadia mnamo Januari 2023, waliwarudishia watu fedha za gemu na vifaa walivyonunua kwao. Huo ulikuwa uungwana, lakini mnunuzi hapaswi kuishi kwa kutegemea uungwana wa muuzaji.

Ushauri wangu wa kwanza hauhitaji seva wala utaalamu. Siku ileile unaponunua gemu, ikiisha kupakuliwa na ukaifungua mara moja, weka programu ya duka katika hali ya nje ya mtandao, zima ruta, kisha ujaribu kuifungua tena. Ikikataa, umeshajua ulichouziwa. Kwa duka la gemu la Steam unaweza kuomba kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 iwapo hujacheza zaidi ya saa 2, kwa hiyo jaribio hili lifanye mapema na usilisogeze mpaka wikendi ijayo. Gemu inayopatikana GOG huwa naichukua huko, kwa sababu duka hilo hukupa faili la kusakinisha lisilo na kufuli, nami huliweka kwenye diski ya nje kama ninavyotunza hati ya kiwanja. Gemu za kushindana mtandaoni ni suala jingine. Hizo hutegemea seva za wenyewe, na anayezipenda alipe akijua hivyo.

Kwenye picha ndiko nilikoumia zaidi. Kwa miaka mingi niliziacha picha zangu zote katika akaunti moja ya kampuni kubwa ambayo sitaitaja. Laini ya simu niliyoisajili humo nilikuwa nimeacha kuitumia, ikafungwa, na baadaye namba ikapewa mtu mwingine. Simu yangu ilipoharibika na nikajaribu kuingia kwa simu mpya, kampuni ilituma namba ya uthibitisho kwenye laini ile ile ya zamani. Nenosiri nililikumbuka, barua pepe ilikuwa yangu, na bado mashine ikanijibu kwamba haiwezi kuthibitisha kuwa mimi ni mimi. Nilijaza fomu, nikasubiri, nikajaza tena. Hakuna ofisi ya kwenda kugonga mlango, hakuna mtu wa kumpigia. Ndani ya akaunti ile zimo picha za mwisho za marehemu mama yangu akiwa shambani, ameshika jembe na anacheka kwa sababu nilimwambia asisogee. Sijawahi kuziona tena.

Baada ya hapo nilikwenda Kariakoo nikanunua kompyuta ndogo iliyotumika, ya aina zilizokuwa zikitumika maofisini, yenye RAM ya GB 8, nikaweka Debian, mfumo huria wa uendeshaji wa aina ya Linux. Kwa matumizi yangu inakula umeme wa wati 10 hivi, maana yake ni yuniti 7 za Luku kwa mwezi. Huhitaji mashine kubwa zaidi ya hiyo. Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi nzima zisizokidhi masharti ya Windows 11 zinatafutiwa wanunuzi, na kila moja inaweza kuwa seva, au hata kompyuta ya gemu kwa kutumia Linux na Proton, programu ya Valve, wenye duka la Steam, inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux, ingawa baadhi ya gemu za mashindano zenye ulinzi dhidi ya udanganyifu hazitakubali.

Anza na kitu kimoja. Mimi nilianza na Syncthing, ambayo haihitaji hata seva: inanakili picha kutoka simu kwenda kompyuta kila vifaa vinapokutana kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Iache ifanye kazi mwezi mzima ndipo uongeze Immich ya kupanga picha au Jellyfin ya filamu na muziki wako. Wanaoweka huduma kumi kwa wiki moja huchoka, na seva iliyochokwa hukosa masasisho, na hapo ndipo hatari inapoingilia.

Nikupe onyo kutokana na kosa langu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilikuwa na diski moja tu, nikiamini kwamba kuhama kutoka kwa kampuni kubwa kulitosha kuwa usalama. Usiku mmoja umeme ulikatika na kurudi mara tatu, na asubuhi diski ikawa inatoa sauti ya kugonga, tik, tik, kama saa ya ukutani, bila kusomeka. Nilipoteza picha za majuma mawili, zile ambazo zilikuwa zimekwisha kufutwa kwenye simu. Siku hizi nina UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, inayoipa seva muda wa kujizima yenyewe, nina nakala rudufu kwenye diski ya pili, na diski ya tatu inakaa kwa dada yangu Mbagala, ikiwa imefungwa kwa nenosiri. Kila mwanzo wa mwezi naibadilisha na nyingine. Watengenezaji wa Immich wenyewe wamewahi kuwaonya watumiaji wasiifanye kuwa mahali pekee pa kuhifadhi picha, na mimi naungana nao kwa moyo wote.

Kuifikia seva ukiwa mbali kunahitaji uangalifu. Watoa huduma wengi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, hivyo nyumba yako haionekani kutoka nje. Hilo huwakera wanaoanza, lakini ni kinga pia. Tumia programu inayokupa njia ya siri hadi nyumbani: WireGuard ukiwa na seva ya kukodi, au Tailscale ukitaka urahisi, na usifungue milango ya ruta kwa kufuata maelekezo usiyoyaelewa. Barua pepe usijaribu kuiendesha nyumbani: kampuni kubwa huzitilia shaka barua zinazotoka kwenye anwani za majumbani, na barua yako ya maombi ya kazi itaishia kwenye takataka. Barua pepe yangu bado naiacha kwa kampuni na nalipa, ila jina la kikoa, yaani sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, linaloishia na .co.tz, nimelisajili kwa jina langu, ili kampuni hiyo ikinifungia nihamie nyingine na anwani isibadilike.

Kwa asiye na fedha za diski wala muda mwezi huu, kuna kazi mbili za jioni moja. Fungua ukurasa wa usalama wa akaunti yako uhakikishe kwamba namba ya simu iliyomo ni ile uliyonayo mkononi, kisha uzichapishe kwenye karatasi namba za dharura za kuingilia na kuziweka pamoja na cheti cha kuzaliwa. Halafu, kama ni akaunti ya Google, omba nakala ya vitu vyako vyote kupitia huduma yao ya Takeout, uiache ipakuliwe usiku, na asubuhi ufungue picha tano au sita za zamani kabisa uone kama zinafunguka.