Ukiona mkanda wa ziada kwenye jeli

Wanafunzi wanaotaka kuingia kwenye utafiti wa RNA, nakala ya jeni inayotumiwa na seli, hasa upande huu wangu wa jinsi seli inavyoikata na kuiunga, huniuliza waanze na mashine ipi na programu ipi. Nawaambia waanze na kusoma jeli, ule utando laini unaotenganisha vipande vya RNA au DNA kwa urefu, kila urefu ukionekana kama mkanda. Wengine huguna. Siku hizi mashine husoma mamilioni ya vipande vya RNA kwa mkupuo mmoja, jeli ya nini tena? Lakini katika miaka yangu yote ya kazi hii, niliowaona wakifika mbali ni wale wasiopuuza mkanda wasioutarajia, wala kuushangilia kabla ya kuuhoji.

Kwa asiye wa fani: jeni zetu nyingi hazikuandikwa mfululizo. Eksoni, ndivyo vipande vinavyobaki, zimetenganishwa na introni, ambazo kwa kawaida ni ndefu kuliko eksoni zenyewe. Jeni ya distrofini ina eksoni 79 zilizotapakaa kwenye herufi zaidi ya milioni 2. Seli hunakili zote kwenye RNA, kisha mtambo uitwao splaisosomu huondoa introni na kuunga eksoni. Eksoni ikirukwa, RNA huwa fupi na mkanda wake hushuka chini zaidi kwenye jeli.

Sasa tazama jeli yako. Ulitarajia mikanda miwili, wenye eksoni na usio nayo, ukakuta wa tatu umefifia juu ya hiyo miwili. Mshukiwa wa kwanza ni DNA. DNA ya seli bado ina introni zake, kwa hiyo ikibaki kwenye sampuli, PCR, mbinu ya kurudufisha DNA (RNA hugeuzwa kwanza kuwa DNA), itakupa mkanda unaofanana kabisa na RNA ambayo introni yake haikuondolewa. Ndiyo maana lazima kuwe na mrija wa udhibiti, usiotiwa kile kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA. Mkanda ukitokea humo pia, hauna habari yoyote ya kukuambia.

Mshukiwa wa pili ni mjanja zaidi. PCR ikifika mizunguko ya mwisho, uzi wa DNA wenye eksoni unaweza kushikana na uzi usio nayo. Jozi hiyo hubaki na kifundo katikati, kwa hiyo hutembea polepole na kujifanya RNA ya aina mpya. Ukate mkanda huo, uusafishe, urudie PCR. Ukirudishiwa ile mikanda miwili ya mwanzo, umempata. Ukirudi peke yake, ndipo utoe pesa ya kuusoma herufi kwa herufi. Introni karibu zote huanza na herufi GU na kuishia na AG. Mpaka mpya wa eksoni na introni ukifuata kanuni hiyo, una haki ya kuanza kusisimka.

Fani yenyewe ilianza kwa kitu kisichokaa mahali pake. Mwaka 1977, kundi la Phillip Sharp huko MIT na la Richard Roberts huko Cold Spring Harbor walishikanisha RNA ya adenovirusi na DNA yake, wakaitazama kwa darubini ya elektroni. Mkia wa RNA ulibaki unaning'inia, haukushikana na DNA iliyokuwa jirani. Ingekuwa rahisi kusema ni uchafu. Walipotumia DNA ya sehemu za mbali, mkia ukapata mwenzake, na DNA ya katikati ikajikunja vitanzi. Sharp na Roberts walipewa Nobel mwaka 1993. Susan Berget, Claire Moore na Louise Chow, ambao kazi yao ilikuwamo kwenye picha hizo, hawakuwamo. Kwa hiyo suala la nani ataandikwa mwandishi wa kwanza lizungumzeni mapema, tena kwa maandishi, hata kama msimamizi wako ni mtu mwema.

Na usiahidi dawa kwenye ombi la fedha la miaka mitatu. Mtafiti Adrian Krainer alianza na maswali ya msingi kabisa kuhusu namna RNA inavyokatwa na kuungwa. Miongo kadhaa baadaye, kazi hiyo ilisaidia kuleta nusinersen, dawa inayoifanya seli ibakize eksoni ya 7 ya jeni ya SMN2 kwa wagonjwa wenye udhaifu wa misuli wa kurithi, SMA. Iliidhinishwa Marekani Desemba 2016. Andika swali ambalo jibu lake litakuwa na thamani hata likiwa hapana.

Kuhusu kuchagua maabara, sifa za mkuu wake hazinishughulishi sana. Omba kuhudhuria kikao chao kimoja cha wiki, ukae nyuma. Angalia kama mwanafunzi anaonyesha jeli nzima au kipande kilichopunguzwa kando. Kisha sikiliza kinachofuata mtu akiuliza, "Na ule wa juu pale ni nini?" Wakianza kubishana kuhusu mrija gani wa udhibiti ulikuwepo, peleka barua yako ya maombi. Wakimpita, endelea kutafuta.