Kabla hujafungua mashine ya boti, pima kompresheni

Wewe unayeanza ufundi pwani, mvuvi atakuletea mashine ya mipigo miwili, ile ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli, akuambie: "Fundi, haina nguvu, nitilie ringi mpya." Usikimbilie boliti za hedi. Anza na geji ya kompresheni, yaani ya kupima mbano wa hewa ndani ya silinda.

Ipashe moto kidogo, maji ya kupoza yakiwa yanapita. Kisha izime, chomoa klipu ya kamba ya usalama, toa plagi zote na gusisha waya zake kwenye bodi. Ukiacha plagi moja ndani, kamba ya kuwashia inakuwa nzito na namba zinakudanganya. Halafu fungua kipepeo cha kabureta hadi mwisho. Mashine nyingi za mkono haziruhusu mafuta kufunguka yote zikiwa nyutro, basi kishike kwa kidole palepale kwenye kabureta. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanakosea: kipepeo kikifungwa, hewa haiingii, na mashine isiyo na kasoro inasoma kama mgonjwa.

Funga geji kwenye tundu la plagi, uvute kamba kwa nguvu ileile mpaka sindano isipande tena, mara 5 au 6. Silinda ya pili ipe mivuto hiyohiyo.

Mashine nyingi nzima za nguvu farasi 15 hadi 40 husoma kati ya psi 100 na 130. Lakini geji hazifanani, na ile yenye mpira mrefu na valvu upande wa geji, mbali na silinda, husoma chini. Ndiyo maana tofauti kati ya silinda ina uzito kuliko namba yenyewe. Silinda moja 115 na nyingine 108, niachie hiyo. Moja 115 na nyingine 95, hapo kuna jambo. Zote mbili 75 kwa geji unayoiamini, zimechakaa pamoja. Usifurahie kwamba zimelingana.

Silinda iliyosoma chini itilie oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la plagi, vuta kamba, pima tena. Ikipanda sana, ringi au silinda zimelika. Isipopanda, shuku gasketi ya hedi, hedi iliyopinda au pistoni iliyotoboka. Plagi iliyong'aa kama imeoshwa ina maana maji yanaingia ndani.

Kazi ninayoithamini kuliko zote ni kuchungulia. Kwenye mashine nyingi unaweza kufungua kifuniko cha ekzosi ubavuni bila kugusa hedi. Washa tochi, zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la juu, taratibu, ringi ifike kwenye tundu la ekzosi. Ibonyeze kwa kijiti cha mti: iliyo hai inacheza na kurudi, iliyonata kwa kaboni haitikisiki. Mikwaruzo ya wima kwenye pistoni, upande wa ekzosi, ni alama ya joto au oili pungufu.

Kompresheni nzuri si cheti cha uzima, maana geji haipimi sili za krenki wala zile bamba nyembamba za kuingizia mchanganyiko. Sili ikivuja, mashine inavuta hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani petroli na oili zinapungua, na pistoni inaungua. Kwa hiyo ukikuta pistoni imeungua, usinunue nyingine kabla hujamjua aliyeiua: impela ya pampu ya maji iliyolika, njia ya maji iliyozibwa na chumvi, jeti (kitundu cha mafuta cha kabureta) chafu, oili iliyokadiriwa kwa macho. Ukiacha chanzo, pistoni mpya itafuata ileile njia.

Ukishafungua, pima silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Ikipishana 0.08 mm toka juu hadi chini, chonga silinda na uweke pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa kuliko ya kwanza kwa 0.25 au 0.50 mm. Baada ya kuchonga, lainisha kingo za matundu yote, la sivyo ringi itakwama na kuvunjika. Ncha za ringi zikumbatie kipini chake mferejini. Klipu za pini ya pistoni ziwe mpya kila mara. Ya zamani ikiruka, silinda imekwenda.

Saa 10 za kwanza changanya 25 kwa 1, yaani mililita 800 za oili kwa lita 20 za petroli, na usiikimbize mfululizo. Zikiisha, rudi kwenye mchanganyiko wa kawaida wa kitabu chake, pima tena, uandike namba na tarehe ndani ya kifuniko cha juu. Atakayeifungua baadaye, hata kama si wewe, atakuwa na pa kuanzia.