Mwalimu anataka mtoto apewe dawa ya ADHD, baba yake amekataa

SWALI: Habari Shangazi. Kijana wangu ana miaka sita na miezi miwili na yuko gredi ya pili, alirushwa darasa juu alijua kusoma mapema. Sasa kila wiki naitwa shule, ati hakai chini, anasumbua wenzake, kila siku penseli imepotea. Mwalimu amesema hiyo ni ADHD, ile shida ya mtoto kushindwa kutulia na kumakinika, nimtafutie dawa, la sivyo nimtafutie shule ingine. Baba yake anasema hayo ni madawa ya kulevya, mama mkwe naye anasema nimemdekeza. Na huyu mtoto nyumbani anaweza kukaa masaa mawili akijenga nyumba za udongo, kimya kabisa. Nishike lipi?
Mama Brayo, Nakuru

JIBU: Mama Brayo, pole sana dada yangu. Hiyo simu ya shule naijua, moyo unaruka kabla hujashika.

Wacha nianze na mwalimu. Mwalimu kukwambia ameona nini darasani ni kazi yake na umsikize, lakini kutaja ugonjwa na kuagiza dawa si kazi yake. Daktari anataka dalili zimekuwepo miezi sita au zaidi, zilianza kabla mtoto hajafika miaka kumi na mbili, na zinaonekana mahali pawili au zaidi, si darasani tu. Hiyo ya udongo usiishike sana, kwa sababu hata mtoto mwenye ADHD anaweza kuzama kwa kitu anachopenda. Angalia akitumwa dukani, akivaa viatu, akiwa kanisani, hapo ndio utaona.

Sasa kitu kilichonisimamisha kwa barua yako ni umri. Brayo ana miaka sita na anakaa na watoto wa saba na nane! Huko Marekani watafiti walilinganisha watoto wa darasa moja, mahali ambapo mtoto lazima awe ametimiza umri kufikia tarehe 1 Septemba ndio aanze shule. Wale waliozaliwa Agosti, yaani wadogo kabisa darasani, walikuwa wamepewa jina la ADHD kwa asilimia 34 zaidi ya wale wa Septemba. Utoto tu ulikuwa unahesabiwa ugonjwa. Kwa hivyo kabla ya dawa, uliza shule kama anaweza kurudi na wa umri wake, na usione aibu.

Halafu apimwe masikio na macho. Wangu wa pili aliitwa kichwa ngumu mwaka mzima hapa Kisumu, akachapwa, na sheria ilishakataza kuchapa watoto shuleni, mpaka asubuhi moja natandika kitanda nikaona foronya ina doa la njano limekauka. Usaha. Sikio moja lilikuwa halisikii na walikuwa wamemketisha nyuma kabisa. Mpaka leo nikikumbuka vile mimi pia nilimgombeza naumia.

Lakini baba Brayo naye nisimwachie, kwa sababu ADHD iko, si uvivu na si malezi mabaya, mwambie mama mkwe hivyo kwa upole. Mpwa wangu anayo, ilipimwa vizuri, na alipoanza methilfenideti, ile watu wanaita Ritalin, wiki hiyo alimaliza kuandika ukurasa mzima kwa mara ya kwanza, dada yangu alinitumia picha ya hicho kitabu akilia. Hiyo dawa iliidhinishwa Marekani mwaka 1955. Ni kweli ni ya kudhibitiwa, huwezi kuinunua kemisti bila karatasi ya daktari, lakini kwa dozi ya daktari utafiti haujaonyesha inawageuza watoto kuwa walevi wakikua. Haiponyeshi, inasaidia masaa yale iko mwilini. Inakata hamu ya kula na inaweza kusumbua usingizi, mpwa wangu alikuwa anapewa uji mzito kabla ya kumeza na chakula kingine usiku ikiisha nguvu. Daktari anafaa kumpima uzito, urefu na presha, na akuulize kama kuna ugonjwa wa moyo kwenu. Asipouliza, mwambie wewe.

Na kwa mtoto mdogo hivi dawa isije peke yake, mzazi na mwalimu wanafundishwa pia: agizo moja kwa wakati, kuketi mbele, kumsifu papo hapo akifanya poa.

Kwa hivyo usinunue chochote wiki hii. Muulize mwalimu akuandikie kwa karatasi anachoona na ni saa ngapi, wewe pia andika ya nyumbani wiki mbili, kisha mpeleke kituo cha tathmini cha wizara ya elimu, kile wanaita EARC, halafu hospitali kuu ya kaunti uulizie daktari wa watoto. Enda na baba yake, ile hofu yake aiulize mwenyewe. Majibu ya masikio yakitoka niandikie.